Kupitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya nyumbani kwa handaki la SSH

Mwenye Wi-Fi ya hoteli, mkahawa au uwanja wa ndege anaona majina ya tovuti unazofungua, na akitaka anazifunga. Tena zipo huduma zinazokutilia shaka mara tu zikiona anwani ya IP (namba inayotambulisha mtandao unaotokea) ya mahali pageni. Kama nyumbani umeacha kompyuta inayowaka na iliyounganishwa kwenye intaneti, SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa njia iliyosimbwa, inakutatulia yote mawili. Kivinjari chako kinaikabidhi SSH kila ombi, SSH inalisimba na kulifikisha nyumbani, na kompyuta ya nyumbani ndiyo inayotoka kwenda kwenye tovuti. Mwenye Wi-Fi anaona tu kwamba unaongea na anwani moja. Tovuti nayo inaona anwani ya nyumbani kwako.

Kulifungua handaki hilo, yaani njia hiyo iliyosimbwa, ni amri moja. Kazi kubwa iko nyumbani, na lazima iishe kabla hujafunga safari, kwa sababu ukishakuwa mbali huwezi kuingia kwenye rauta kurekebisha ulichosahau.

Mifano hapa inachukulia kompyuta ya nyumbani inatumia Ubuntu au Debian, ambayo ni mifumo ya Linux, au ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo, ina anwani ya ndani 192.168.1.50, na mtumiaji wake ni asha. Badilisha kulingana na kwako. Laptopu ya safari inaweza kuwa Linux, Mac au Windows 10 na 11, kwani zote zina amri ya ssh.

Kwanza kabisa: je, nyumbani kuna anwani ya IP ya umma?

Anza na hili kabla ya kusakinisha chochote. Ndilo linalowakwamisha wengi, na hakuna mpangilio wa kompyuta unaoliponya. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, tafuta anwani iliyoandikwa WAN, yaani ya upande wa intaneti, kisha kwenye kompyuta ya nyumbani andika:

```
curl -4 ifconfig.me
```

Zikilingana, una anwani ya umma. Ikiwa WAN inaanza na 10, au 192.168, au iko kati ya 172.16 na 172.31, au kati ya 100.64 na 100.127, basi kwa kawaida kampuni ya mtandao imekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Hali hiyo inaitwa CGNAT. Modemu za laini za simu, 4G na 5G, kwa kawaida ziko hivyo. Hapo hata ukifungua poti (mlango wenye namba) kwenye rauta yako, mgeni kutoka nje haifikii rauta hiyo. Anaishia kwenye mitambo ya kampuni.

Ukikutwa na CGNAT, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuiomba kampuni ikupe anwani ya umma, ambayo mara nyingi hulipiwa kila mwezi. Ya pili ni kukodi seva ndogo kwenye intaneti, yaani kompyuta inayowaka saa zote, na kuifanya mahali pa kukutania. Njia hiyo imeelezwa mbele, chini ya kichwa cha handaki la kurudi, na ukiifuata huna haja ya kuigusa rauta.

Kuandaa kompyuta ya nyumbani

Amri hizi zinasakinisha upande wa SSH unaopokea wageni na kuuwasha:

```
sudo apt update
sudo apt install openssh-server
sudo systemctl enable --now ssh
```

Sasa tengeneza kwenye laptopu ufunguo, yaani faili la siri linalokutambulisha badala ya nenosiri, ukiwa bado nyumbani kwenye mtandao huohuo:

```
ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id asha@192.168.1.50
```

Weka nenosiri kwenye ufunguo unapoulizwa, kwa sababu laptopu ya safari inaweza kuibwa. Windows haina ssh-copy-id, kwa hiyo kwenye PowerShell tumia hii:

```
type $env:USERPROFILE\.ssh\id_ed25519.pub | ssh asha@192.168.1.50 "mkdir -p .ssh && cat >> .ssh/authorized_keys"
```

Kisha kwenye kompyuta ya nyumbani weka ruhusa sahihi za mafaili. SSH hukataa ufunguo bila kukueleza sababu ikiona mtu mwingine anaweza kuandika kwenye folda hizi:

```
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys
```

Jaribu kuingia: `ssh asha@192.168.1.50`. Ikikubali kwa ufunguo, zima uingiaji wa nenosiri. Hatua hii si ya hiari. Poti ya SSH ikishafunguliwa kwa dunia, roboti huanza kubahatisha manenosiri ndani ya muda mfupi, na utaziona mwenyewe ukiandika `journalctl -u ssh`. Ufunguo wa ed25519 haubahatishiki, lakini nenosiri la mtu hubahatishika.

Tengeneza faili `/etc/ssh/sshd_config.d/10-nyumbani.conf` lenye mistari hii:

```
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no
AllowUsers asha
```

Namba 10 mwanzoni mwa jina ina kazi yake. SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo na kuzipuuza zinazofuata, na mafaili ya folda hii husomwa kwa mpangilio wa majina. Kwenye baadhi ya mifumo ya Ubuntu lipo faili liitwalo 50-cloud-init.conf linaloruhusu manenosiri. Ukiliita lako 99, lile la 50 litashinda, nawe utaondoka ukiamini mlango umefungwa kumbe uko wazi. Kwa hiyo hakikisha kwa macho:

```
sudo sshd -t
sudo systemctl restart ssh
sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication
```

Amri ya kwanza ikikaa kimya, mafaili hayana kosa. Ya mwisho lazima ijibu `no`. Usifunge dirisha ulilomo. Fungua lingine ujaribu kuingia upya. Likikataa, lile la zamani bado liko ndani na unaweza kurekebisha.

Kabla ya kutoka hapo, nakili alama ya utambulisho ya seva yako (yaani kompyuta ya nyumbani), kwenye karatasi au kwenye simu:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Mara ya kwanza ukiunganisha kutoka ugenini, SSH inaweza kukuonyesha alama na kukuuliza kama unaiamini. Bila nakala hii utajibu `yes` kwa kubahatisha, na hapo ndipo mtu aliyekaa katikati na kujifanya kompyuta yako hupata nafasi.

Kuzuia kompyuta isilale, na umeme

Kompyuta za mezani na laptopu hujilaza zenyewe. Zuia:

```
sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target
```

Ukitumia laptopu ya zamani kama seva, weka pia `HandleLidSwitch=ignore` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`, la sivyo kufunga kifuniko kunaweza kuizima. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta nyingi hubaki zimezima mpaka mtu abonyeze kitufe. Ingia kwenye BIOS, mipangilio inayofunguka kompyuta inapowaka, utafute kipengele cha umeme kurudi, ambacho kwenye mashine nyingi kimeandikwa "Restore on AC Power Loss" au maneno yanayokaribiana, na uweke iwake. Raspberry Pi hujiwakia yenyewe umeme ukirudi, na inakula umeme kidogo mno. Kwa kazi hii tunaipendelea kuliko kompyuta ya mezani. Rauta nayo isisahaulike: kompyuta yenye betri haina faida kama rauta imezimika. Betri ndogo ya rauta ya volti 12 inatosha kuvusha katizo fupi. Angalia tu kwamba volti na ampea zinalingana na zilizoandikwa kwenye adapta ya rauta.

Rauta na jina la kudumu

Kwenye rauta fanya mambo mawili. Ifungie kompyuta ya nyumbani anwani yake ya ndani, sehemu inayoitwa "DHCP reservation" au "Address reservation", ili 192.168.1.50 isihamie kwenye simu ya mtu siku rauta ikiwashwa upya. Halafu kwenye "Port forwarding" au "Virtual server" elekeza poti ya nje 443 iende 192.168.1.50 poti 22, ambayo ndiyo ya SSH, itifaki TCP.

Kwa nini 443? Kwa sababu mitandao mingi ya hoteli na maofisi hufunga poti 22 kwenda nje, lakini 443 ndiyo poti ya kawaida ya tovuti za HTTPS na ni nadra kufungwa. Ongeza na poti ya pili ya nje, tuseme 22022, ielekee kulekule. Baadhi ya kampuni za mtandao huzuia 443 kuingia kwa wateja wa nyumbani, na baadhi ya rauta huitumia kwa ukurasa wao wa usimamizi. Poti ya SSH ndani ya kompyuta iache 22 kama ilivyo. Kubadilisha kunafanyika kwenye rauta tu. Ujue pia kwamba 443 haifichi SSH. Muunganisho wa SSH huanza kwa maneno ya wazi `SSH-2.0`, na mtandao unaochunguza yaliyomo utaitambua na kuikata.

Anwani ya umma ya nyumbani hubadilika mara kwa mara, hivyo unahitaji jina linaloifuata. DuckDNS hutoa jina la aina hiyo bure. Ukishajisajili na kupewa tokeni (namba yako ya siri), andika `crontab -e` na uongeze:

```
*/5 * * * * curl -s "https://www.duckdns.org/update?domains=mfano&token=TOKENI-YAKO&ip=" >/dev/null
```

Kila dakika 5 kompyuta itaijulisha DuckDNS ilipo.

Majaribio yafanyie kwenye intaneti ya simu, si kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Rauta nyingi haziwezi kumrudisha mtu wa ndani kupitia anwani yake ya nje, kwa hiyo jaribio la ndani linaweza kushindwa ilhali kila kitu ni sawa. Washa hotspoti kwenye simu, unganisha laptopu, kisha jaribu.

Kufungua handaki

```
ssh -N -D 127.0.0.1:1080 -p 443 asha@mfano.duckdns.org
```

`-D` ndiyo roho ya kazi yote: inaigeuza SSH kuwa proksi ya SOCKS, yaani mpatanishi anayepokea maombi ya programu nyingine, kwenye poti 1080 ya laptopu yako. `-N` inasema usifungue dirisha la amri kule, fungua handaki tu. Skrini itakaa kimya baada ya ufunguo kukubaliwa, na huo ndio mafanikio. Usiweke 0.0.0.0 mahali pa 127.0.0.1, maana utakuwa umewafungulia watu wote wa Wi-Fi hiyo intaneti ya nyumbani kwako. Wapo wanaoongeza `-C` kubana data. Kurasa za HTTPS zimekwisha kusimbwa na nyingi zimekwisha kubanwa, kwa hiyo inaongeza kazi ya prosesa bila faida.

Ili usiandike yote hayo kila siku, weka haya kwenye `~/.ssh/config` ya laptopu:

```
Host nyumbani handaki
    HostName mfano.duckdns.org
    Port 443
    User asha
    ServerAliveInterval 30
    ServerAliveCountMax 3

Host handaki
    DynamicForward 127.0.0.1:1080
    ExitOnForwardFailure yes
```

Sasa `ssh -N handaki` inafungua handaki, na `ssh nyumbani` inakuingiza kwenye kompyuta kwa kazi za kawaida. Tumeyatenganisha majina mawili makusudi. Ukiweka handaki kwenye jina moja, dirisha la pili litagombania poti 1080 na kugoma. ServerAliveInterval inatuma salamu kila sekunde 30, kwa sababu mitandao mingi husahau muunganisho uliokaa kimya. Salamu 3 zikikosa jibu, SSH inajifunga yenyewe badala ya kubaki imekufa huku ikionekana hai.

Kivinjari

Firefox inafaa zaidi kwa sababu ina mipangilio yake ya proksi, isiyogusa programu nyingine. Fungua Settings, shuka hadi "Network Settings", chagua "Manual proxy configuration". Kwenye SOCKS Host andika 127.0.0.1, poti 1080, chagua SOCKS v5. Sehemu za HTTP Proxy na HTTPS Proxy ziache tupu. Ukizijaza, Firefox itaongea lugha ya HTTP na mlango unaojua SOCKS tu, na hakuna ukurasa utakaofunguka.

Kisha weka alama kwenye "Proxy DNS when using SOCKS v5". Bila hiyo, yaliyomo kwenye kurasa yanapita handakini lakini maswali ya "tovuti hii iko wapi?" yanaweza kuendelea kwenda kwa DNS ya hoteli, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Mwenye Wi-Fi anabaki na orodha ya kila tovuti uliyotembelea, na tovuti alizozizuia kwa DNS zitabaki zimefungwa. Ni kosa dogo linaloharibu nusu ya faida, na halionekani kwa macho.

Ukitumia Chrome kwenye Linux, ifungue kwa amri, na folda yake ya peke yake:

```
google-chrome --proxy-server="socks5://127.0.0.1:1080" --user-data-dir="$HOME/chrome-handaki"
```

Folda hiyo ni ya lazima. Chrome ikiwa tayari iko wazi, amri bila folda mpya itafungua dirisha jingine tu na kuipuuza proksi.

Thibitisha:

```
curl -4 ifconfig.me
curl -4 --socks5-hostname 127.0.0.1:1080 ifconfig.me
```

Ya kwanza itoe anwani ya mahali ulipo, ya pili ya nyumbani. Ukiona `--socks5` bila `-hostname` kwenye maelekezo ya watu, ujue hiyo inauliza DNS ya mahali ulipo.

Sasa jaribu kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari hicho. Utaona rauta ya nyumbani, hata kama hoteli nayo inatumia namba hizohizo, kwa kuwa ombi linatimizwa kule nyumbani. Kwa hiyo printa, kamera na diski za mtandao wa nyumbani zenye kurasa zao zote unazifikia bila kuzifungulia poti hata moja.

Mipaka ya handaki hili

SSH hubeba TCP pekee, mojawapo ya njia mbili kuu za kutuma data kwenye intaneti. Simu za video na sauti za kivinjari hutumia ile nyingine, UDP, kwa hiyo zinaweza kutoka nje ya handaki na kuonyesha anwani yako halisi. Kwenye Firefox unaweza kuzizuia kwa kuweka `media.peerconnection.enabled` kuwa false ndani ya about:config, ila simu hizo hazitafanya kazi kabisa. Programu nyingine za laptopu, kama sasisho za mfumo, hazipiti handakini mpaka uziambie moja moja. Ukitaka kila kitu kipite, hiyo ni kazi ya WireGuard, ambayo ni VPN, yaani handaki la kompyuta nzima.

Kuhusu kasi, unachopakua ugenini, nyumbani kinapakiwa. Laini ya nyumbani ya Mbps 20 kushuka na Mbps 3 kupanda itakupa Mbps 3. Na kama nyumbani kuna bando, hesabu mara mbili: GB 1 unayosoma inaingia nyumbani GB 1 na kutoka GB 1. Video ziache nje ya handaki.

Upo pia upande wa sheria. Mwezi Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili, na maofisi mengi yana kanuni za mtandao wao. Soma zinazokuhusu ulipo kabla ya kuwasha.

Handaki la kurudi, kwa walio nyuma ya CGNAT

Hapa kompyuta ya nyumbani ndiyo inayopiga hodi kwenye seva ya kukodi na kuacha mlango wazi. Kwenye kompyuta ya nyumbani tengeneza ufunguo wa pekee usio na nenosiri, kwa sababu hakuna mtu wa kuliandika mashine ikijiwasha usiku:

```
ssh-keygen -t ed25519 -N "" -f ~/.ssh/kurudi
```

Nakili mstari wa `kurudi.pub` kwenye authorized_keys ya seva, ukiutanguliza na vizuizi ili mwizi wa ufunguo huo asipate dirisha la amri:

```
restrict,port-forwarding,permitlisten="localhost:2222" ssh-ed25519 AAAA...
```

Kisha faili `/etc/systemd/system/kurudi.service`:

```
[Unit]
Description=Handaki la kurudi
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
User=asha
ExecStart=/usr/bin/ssh -N -i /home/asha/.ssh/kurudi -o ServerAliveInterval=30 -o ServerAliveCountMax=3 -o ExitOnForwardFailure=yes -R 2222:localhost:22 asha@seva.mfano.com
Restart=always
RestartSec=20

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Kabla ya `sudo systemctl enable --now kurudi`, endesha mstari ule wa ssh mara moja kwa mkono ukiwa asha, ukubali alama ya seva. Usipofanya hivyo huduma itagoma kila sekunde 20 kwa "Host key verification failed".

Ufunguo wa laptopu nao uweke kwenye seva ya kukodi, kisha ukiwa safarini:

```
ssh -N -D 127.0.0.1:1080 -J asha@seva.mfano.com -p 2222 asha@localhost
```

Seva ya katikati haisomi kitu. Usimbaji unaanzia laptopu na kuishia nyumbani.

Ikigoma

"Connection timed out" maana yake hakuna anayejibu: poti imezuiwa ulipo, rauta haielekezi, au nyumbani hakuna umeme. Jaribu 22022, kisha intaneti ya simu. "Connection refused" ni tofauti: umefika kwenye mashine lakini hakuna SSH poti hiyo. Mara nyingi mwelekeo wa rauta unaenda kwa anwani ya ndani isiyo sahihi, au jina la DuckDNS limebaki na anwani ya zamani.

"Permission denied (publickey)": tumia `ssh -v` uone ni ufunguo gani unaotolewa, halafu kagua ruhusa za mafaili na jina kwenye AllowUsers.

"Address already in use": handaki la zamani bado linashika 1080. Lifunge, au tumia 1081 na ubadilishe kwenye kivinjari pia.

"administratively prohibited": seva imekataza mahandaki; tafuta `AllowTcpForwarding no` kwenye mafaili yake.

Kivinjari kikisema proksi inakataa miunganisho, handaki limekatika, kwa kawaida laptopu ilipolala. Liwashe upya. Na kama Wi-Fi ya hoteli ina ukurasa wa kuingizia namba ya chumba, ufungue kwanza kwa kivinjari kisicho na proksi, kwani SSH haipiti mpaka hapo.

Onyo la "REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED" usilifute haraka. Linganisha alama na ile uliyoiandika. Kama hukuisakinisha upya kompyuta ya nyumbani na alama hazifanani, acha Wi-Fi hiyo ujaribu kwa laini ya simu.

Laptopu ikipotea, ingia nyumbani kwa kifaa kingine, fungua `~/.ssh/authorized_keys` na ufute mstari wa ufunguo wake. Kwa ajili hiyo weka ufunguo wa pili, kwenye simu au kwenye kumbukumbu ya USB inayokaa mbali na begi la laptopu, kabla hujaondoka.